Kilipopanda Hatukualikwa

Mama mkwe wangu Bernadina hakuwa mtu mpole, na anayesema alikuwa mpole hakuwahi kupika naye jiko moja. Siku tuliyomzika, mwaka themanini na sita, katekista alimsifia mpaka nikataka kuchungulia jeneza nihakikishe kama ni yeye. Eti mnyenyekevu, eti mwenye kupenda watu wote. Loo! Mimi Hyasinta, mke wa mwanawe Raphaeli, alinipokea asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu kwa kuonja uji wangu, kuutema, na kuniuliza kama kwetu tunapikia watu au ndama. Kwa hiyo habari zake nitazisema mimi.

Tuliishi juu ya Karatu, pale mashamba yanapokoma na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Nyumba yetu ilikuwa tembe la zamani, lile la Wairaqw wa kweli. Marehemu baba mkwe, Qamara, aliichimba ndani ya kilima yeye na ndugu zake, akiwa bado kijana. Ukuta wa nyuma ulikuwa kilima chenyewe. Paa lilikuwa magogo, fito na udongo, na juu yake majani yameota, mbuzi wanakula. Mgeni aliweza kutembea juu ya paa asijue kwamba chini ya miguu yake kuna mtu anasonga ugali. Ndivyo ilivyokusudiwa. Wamasai wakija usiku kutafuta ng'ombe, wapite juu waende zao, na ng'ombe wako mle ndani pamoja na sisi.

Mimi niliichukia nyumba ile. Moshi, viroboto, mkojo wa ng'ombe mpaka kwenye ndoto. Wenzangu waliohamishiwa barabarani wakati wa Operesheni Vijiji walikuwa na madirisha, na wengine bati. Mimi natoka ardhini asubuhi macho mekundu. Lakini Mama alikataa kuhama, na walipokuja mgambo mwaka sabini na tano aliwafukuza kwa mpini wa jembe. Wakaona aibu kumpiga mjane. Basi tukabaki.

Sasa kulikuwa na Mwalimu Josephati, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mwalimu wa shule kabla hajawa mwenyekiti, na kazi ya kufundisha hakuiacha, tofauti ni kwamba sasa wanafunzi tulikuwa sisi watu wazima. Mwalimu huyo alikuwa na wazimu wa anga. Ofisini kwake alibandika picha mbili alizokata kwenye magazeti ya Kizungu. Moja ni dunia yenyewe, ya bluu, imepigwa kutoka huko mwezini walikokwenda Wamarekani. Kila mkutano alikuwa anatukumbusha.

"Ndugu wananchi, mnaona mpaka wowote pale? Huoni Tanzania, huoni Kenya, huoni Umbulu wala Umasaini. Sisi sote ni raia wa dunia moja!"

Watu walipiga makofi. Watu wale wangepigia makofi hata mvua ya mawe ili mkutano uishe.

Mwezi wa nne mwaka sabini na tisa, wiki ile jeshi letu lilipoingia Kampala, Mwalimu alipata kichwa kikubwa kuliko kofia yake. Ikaletwa amri: nyumba ya Bernadina ifukiwe mavuno yakiisha. Raphaeli wangu alikuwa huko huko Uganda na bunduki, sijui kama mzima au maiti, na huku wanataka kufukia mahali alipozaliwa. Mama akanishika mkono mpaka ofisini.

"Mwalimu, nasikia unataka kuifukia nyumba yangu."

"Si mimi, Mama Raphaeli. Ni kijiji."

"Kijiji kina mikono?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akainuka kwenda kwenye picha zake. "Mwanadamu amefika mwezini, Mama. Mwanadamu, siyo Mmarekani! Ni ushindi wa watu wote. Halafu viongozi wa wilaya wanapita hapa wanakuona wewe unatoka ardhini pamoja na ndama. Taifa lililomtimua nduli wa Uganda litaonekanaje?"

Mama aliitazama ile picha ya pili. Ilikuwa ya mtu amevaa manguo meupe mazito, amesimama pembeni ya bendera.

"Bendera hii ni ya nani?"

"Ya Marekani."

"Na ya wanadamu iko wapi?"

Mwalimu akakohoa. "Wanadamu hawana bendera, Mama."

"Basi mwezi ni wa Marekani, ushindi ni wa wote, na aibu ni ya Bernadina peke yake. Mmegawana vizuri."

Hakusubiri jibu, akatoka. Njia nzima alikuwa anatukana kwa Kiiraqw, matusi ambayo kwa Kiswahili hayana jina, na mimi nilikuwa nyuma yake nikisema moyoni, kama ni kufukia, wafukie, angalau nipate dirisha. Lakini nilipomwona mgongo wake umeinama kwenye mteremko ule, nilimchukia Mwalimu kuliko nilivyouchukia moshi.

Mavuno yakaanza. Mwezi wa saba ndipo redio ikaanza kutangaza habari za Skailabu. Chombo cha Wamarekani, kikubwa kuliko nyumba, kilikuwa kinazunguka huko juu, na sasa kimechoka, kinashuka, na wenyewe hawajui kitaanguka wapi. Inaweza kuwa huku, inaweza kuwa kule. Watu wakajaa mbele ya ofisi kusikiliza redio ya Mwalimu, na yeye, kwa kupenda kufundisha, akawatia watu kiwewe.

"Vipo vipande vya chuma vizito kuliko fahali," alisema. "Bati? Bati kitu gani! Kinapita bati, kinapita dari, kinapita na kitanda."

Wenye bati wakatazamana. Bati lile lile alilowasifia miaka minne.

"Lakini msiwalaumu Wamarekani," akaendelea. "Kile ni chombo cha utafiti, kwa faida ya wanadamu wote. Ni chetu sote."

Mama alikuwa amesimama nyuma na debe lake la mahindi kichwani. Akapaza sauti: "Kilipopanda hatukualikwa. Sasa kinashuka ndiyo tumekuwa ndugu?"

Watu wakacheka, cheko la woga. Mwalimu akamwambia aache kupotosha umma. Mama akamwambia umma umepotoka wenyewe, yeye anakwenda kupukuchua mahindi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Redio ilisema ni leo, leo hii, jioni au usiku. Mchana jua likiwa bado kali nilikuwa nachambua maharage mlangoni, nikamwona Germana, mke wa Mwalimu Josephati, anapanda mteremko na watoto wake wote, mmoja mgongoni, blanketi kichwani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu Mama bila kuinuka. "Mumeo anajua umekuja?"

Germana akatazama chini. "Ndiye aliyenituma."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwahi kusikia kicheko kibaya kama kile. "Ingia. Inama vizuri, usije ukagonga hicho kichwa alichooa Mwalimu."

Baada ya Germana, wakaja wengine. Wakaja na mbuzi, wakaja na vyungu, mwingine na cherehani. Wale wale walioziba pua tukipita karibu nao kanisani, wale wale waliotuita panya buku! Mama alikaa kwenye gogo la mlangoni, na kila aliyeingia alimkumbusha jambo lake. Wewe ulisema tunanuka. Wewe ulikataa binti yako asiolewe shimoni. Haya, shimo hilo, ingia. Hakumrudisha hata mmoja, lakini hakuna aliyeingia bila kuchomwa.

Jua likiwa limeegemea akatokea Moloimet. Huyu alikuwa Mmasai wa Ngorongoro, alikuwa akishuka na punda wake kubadilisha mbuzi kwa mahindi tangu walipokatazwa kulima kule kwao. Alikuwa amechwewa njiani, na yeye pia kasikia habari za chuma. Akasimama mbali kidogo na mkuki wake, akaomba nafasi.

Thomasi, jirani yetu, akatoka ndani kama ameumwa na siafu. "Huyo haingii! Leo anauona mlango, kesho ng'ombe wetu hawapo!"

"Wewe Thomasi," Mama akasema, "baba yako hakuchimba hata shimo la choo. Nyumba hii ilichimbwa kwa ajili ya baba zake huyu. Ana haki nayo kuliko wewe. Weka mkuki nje, Moloimet, uingie."

Moloimet akainama, akatazama magogo ya paa, akatazama ng'ombe waliokuwa wanacheua gizani. "Yeyo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "kumbe ni hapa? Wazee wetu walisema ng'ombe zenu ninyi Wambulu zinazama ardhini. Sisi tulidhani ni dawa."

Mimi nilicheka. Thomasi hakucheka. Alikaa amempa Moloimet mgongo, akawafunga ndama wake kwenye mguu wake mwenyewe.

Mwisho kabisa, giza likianza kuingia, ndipo akaja Mwalimu Josephati mwenyewe na redio kwapani. Alikuwa akitembea haraka lakini hataki ionekane kwamba anakimbia.

"Umekuja kufukia?" Mama akamuuliza. "Mbona huna koleo?"

"Mama Raphaeli, wakati wa hatari hakuna changu wala chako."

"Changu kipo. Unakiomba."

Mwalimu akageuka kutazama mbingu. Kulikuwa na nyota ya jioni pale juu ya msitu, nyota tu ya siku zote, lakini nilimwona anavyoruka. "Naomba," akasema.

"Sijasikia."

"Naomba kuingia, Mama."

"Ingia. Ukione unachotaka kukifukia."

Msidhani tulipatana mle ndani. Watu waligombania pembe, waligombania maji, mbuzi wa fulani kala blanketi la fulani. Redio chini ya udongo ilikuwa inakoroma tu, haishiki kitu. Mwalimu, kukaa kimya hawezi, akaanza: "Ndugu zangu, mnaona? Hatari imetuunganisha. Hapa hakuna Mmasai, hakuna Mwiraqw, hakuna..."

"Nyamaza," Mama akasema kutoka gizani. "Unamaliza hewa."

Asubuhi Mwalimu alipanda juu ya paa letu, akazungusha redio yake mpaka ikashika. Kisha akaruka ruka kule juu, udongo ukatudondokea vichwani. "Kimeanguka! Kimeangukia baharini na Australia!"

Vigelegele! Wanawake wakacheza, hata Germana na mtoto mgongoni. Mama akatoka nje akijifuta udongo.

"Australia kuna watu?"

"Wapo, ila..."

"Ni wanadamu?"

Mwalimu akashuka paani na redio yake.

"Wewe si raia wa dunia? Mbona umefurahi hivyo? Angalau uliza kama kuna aliyekufa, ndipo ucheze."

Alimwambia hayo mbele ya watu wote, na mke wake, na Mmasai. Mwanaume akiambiwa hivyo mbele ya watu hasahau. Mama hakujali. Aliwashika wote, mmoja mmoja, kila mtu akabeba samadi ya ng'ombe hadi shambani kabla ya kwenda kwake. Hata Mwalimu alibeba. Moloimet peke yake ndiye aliyebeba akiimba.

Nilidhani yameisha. Nilidhani baada ya hapo nani atathubutu kutufukia? Thubutu! Sikujua yatakuja mabaya zaidi.

Mwezi uliofuata uliitishwa mkutano. Mwalimu akasimama, sauti laini. Akasema amri ya kuifukia nyumba imefutwa. Mimi nikashika mkono wa Mama kwa furaha. Akasema nyumba ile imeokoa kijiji kizima, imewalaza watu wa kila aina bila ubaguzi, kwa hiyo si haki iwe ya mtu mmoja. Kuanzia sasa itakuwa Handaki la Kijiji, mali ya umma. Mlango utafungwa kufuli, ufunguo utakaa ofisini. Ng'ombe watatolewa, kuta zitapakwa chokaa, na wageni kutoka Arusha wataletwa kuona ubunifu wa Mtanzania. Pengine hata wageni wa nje, wale wanaopita kwenda kreta ya Ngorongoro. Fahari ya taifa, alisema. Na wakati huo huo, urithi wa wanadamu wote.

"Na Bernadina atapewa kiwanja barabarani," akamalizia, "pamoja na vijana wa kumjengea."

Wakapiga makofi. Wote! Wote waliolala mle! Thomasi alisimama akasema ni kweli, sisi sote tulilala mle, kwa hiyo ni yetu sote. Nilitaka kumrukia. Nilisema kwa sauti kwamba ni mwizi, na mgambo mmoja akaniambia nikae.

Mama akasimama. Nilitegemea atukane. Hakutukana. Aliuliza tu: "Mliposema ni aibu, ilikuwa ya nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ilikuwa yangu. Imekuwa nzuri, imekuwa yenu. Nimesikia." Akakaa.

Usiku ule hakula. Asubuhi aliniamsha, akaniambia nitoe vyungu, ngozi, vitanda, kila kitu. Nikadhani tunahama, tumeshindwa, nikawa nalia huku najisikia hata vizuri kidogo, maana nitapata dirisha. Tulipomaliza alitoa ng'ombe wote, akawafunga nira maksai wawili wa kulimia. Akaingia ndani na mnyororo wa plau, akauzungusha kwenye nguzo ya katikati, ile yenye panda iliyobeba paa lote.

"Mama, unafanya nini?"

"Shika kamba ya mbele."

"Mama!"

"Shika kamba, Hyasinta, au ondoka."

Nikashika. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Watu walikuwa wameanza kupanda mteremko. Mwalimu alikuwa mbele yao, akikimbia kweli safari hii, mikono juu. "Acha! Acha! Hiyo ni mali ya umma!"

Mama akawachapa maksai. Wakavuta, wakateleza, wakavuta tena. Nguzo ililia. Akawachapa tena, na safari hii alipiga kelele, kelele ya mtu anayezaa. Nguzo ikatoka, na kilima kikashuka ndani ya nyumba. Vumbi likatufunika sote. Lilipotulia palikuwa na bonde tu, na majani ya paa yamesimama pale chini, mabichi.

"Haya," Mama akamwambia Mwalimu, anahema. "Nimetekeleza amri."

Walimkamata. Kile walichomwagiza kukifanya mwezi wa nne walimhukumu kwa kukifanya mwezi wa nane. Baraza la kijiji likamtia kwenye shamba la kijiji, alime bila posho mpaka mvua zianze, mama mzima wa umri ule. Alilima. Kila Mwalimu alipopita kukagua, alitema mate upande. Mimi nilijengewa kibanda barabarani na vijana waliokuwa wanalalamika, kina dirisha moja, na upepo wa kutoka msituni unaingia humo usiku kucha.

Raphaeli alirudi mwaka uliofuata. Wakati huo Mama alikuwa amemaliza adhabu yake, na kijijini alikuwa amegeuka jina kubwa. Waliompigia Mwalimu makofi sasa walimnong'oneza hongera wakimkuta kisimani. Naye alijua, akatembea kifua mbele. Na mimi nilimwonea fahari, sifichi.

Hakupitia barabarani, Raphaeli. Alishuka kwenye lori kule chini Karatu akapanda moja kwa moja kwa njia ya shamba, kwa miguu, na mfuko wake wa jeshi. Mtoto wa Thomasi akaja kutuambia kuna askari amekaa kilimani. Tulikimbia, mimi na Mama. Tukamkuta amekaa ukingoni mwa lile bonde, buti zake zimening'inia ndani. Amekonda. Nilimkumbatia, akanishika, lakini macho yake yalikuwa chini pale.

"Ni nani?" akauliza. "Ni yule mwenyekiti?"

"Ni mimi," Mama akasema, na alisema kwa majivuno. Akamweleza yote: Skailabu, wale waliolala, kufuli, wageni wa Arusha. "Walitaka iwe ya kila mtu. Nikawaonyesha ni ya nani."

Raphaeli alimsikiliza mpaka mwisho. Kule vitani, aliniambia baadaye, watu walikuwa wakiulizana usiku kila mmoja anarudi wapi, na yeye alikuwa anawachorea nyumba ile mchangani, hapa moto, hapa ng'ombe, hapa nalala mimi. Lakini pale kilimani hakusema hayo. Alilia, bila kuficha uso, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Na mimi, Mama? Mbona hukuniuliza?"

Mama alifungua mdomo. Nilingoja, maana sijawahi kumwona mtu yule akikosa jibu, si kwa mwenyekiti, si kwa padri, si kwa yeyote. Aliufunga mdomo. Akashuka mpaka chini kwenye bonde, akaanza kung'oa magugu pale ulipokuwa mlango, na tulipomwita twende nyumbani hakugeuka.